Ukurasa wa Mia Mbili na Nne

Zuhura alinirudishia mswada umefungwa kwa mpira wa noti,
kurasa mia tatu na kumi na mbili,
zinanuka ubani na sarafu,
maana aliusomea kibandani mwake, Mwembe Tayari,
kati ya mteja anayetoa na mteja anayeweka.

Nilimwomba ukweli. Akanipa, kwa wino mwekundu
wa daftari la pesa:
"Hapa nililala."
"Hapa tena."
"Bahari umeitaja mara arubaini na moja. Nimehesabu.
Sisi tunaiona bure."
Na pambizoni mwa ukurasa wa mia mbili na nne,
bila ukali, kama mtu anayeuliza salio:
"Huyu si alikufa?"

Nikakaa sakafuni, Tudor, dirisha wazi,
stima imekatika tangu magharibi,
taa ya simu imeegemea kikombe.
Nikaanza na bahari. Nikafuta thelathini na nane.
Nikaacha tatu: mbili kwa sababu mtu anazama,
moja kwa sababu naipenda.

Nikaja kwa vivumishi. Vingapi nimeviajiri bila kazi!
Mwezi mwororo, mpole, mweupe:
nikaubakisha mwezi.
"Ghafla" zilikuwa kama kunguni wa tendegu,
ukiua mmoja mwenzake anachungulia.

Kuchambua, wanasema, ni kazi ya wasomi.
Mamangu alichambua mchele kila Alhamisi,
hana shahada, ana ungo na miwani iliyofungwa uzi,
na alijua chenga ni chakula
na jiwe hujifanya punje.

Saa nane za usiku nikamfikia Bwanakombo.
Alikufa ukurasa wa sitini na moja.
Nilimuua mimi, kwa mkono huu, kwa ufasaha:
kitanda cha chuma, wodi ya wanaume,
wanawe wamemzunguka, na wasia wa kurasa mbili
wenye methali tisa.
Matanga na khitima, jumla kurasa kumi na moja.

Babangu hakusema methali hata moja.
Babangu aliuliza kama mfereji wa uani umefungwa.
Akauliza tena.
Nikamjibu umefungwa, naye hakuniamini,
na hayo ndiyo yalikuwa yote.

Kisha, mia mbili na nne,
siku ambayo sikuwa nikimfikiria mtu,
mkono uliochoka ukamtoa tena njiani, Kibokoni,
kikoi upande, kofia mkononi,
ananunua mahamri manne na mbaazi za bakuli,
anagombana na muuzaji: shilingi kumi yangu iko wapi?
Hana wasia. Ana njaa.
Nilipoisoma niliisikia sauti, ile yenyewe,
ile ya mfereji.

Kosa. Wazi kabisa. Mhariri yeyote angelifuta
kwa mstari mmoja, akafungua ukurasa wa pili.
Nikaishika kalamu juu ya mahamri.
Mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti
kabla hajaanza
(kikohozi hicho nitakitia, sura ya tano),
nami nikarudi nyuma hadi sitini na moja,
nikafuta kitanda. Nikafuta wodi, wana, methali zote tisa,
turubai, viti vya kukodi,
kilio nilichokiandika huku nikijisikiliza.
Iliniuma ile sentensi ya sanda. Ilikuwa nzuri.
Nikaifuta mwisho.

Asubuhi nikampigia Zuhura. Nikamwambia: hakufa.
Kimya. Mteja anatajiwa nambari ya wakala.
"Haya," akasema, "na hiyo shilingi kumi, alirudishiwa?"

Sijui. Sijafika huko bado.
Kurasa zote zimesogea,
mia mbili na nne sasa ni mia moja tisini na tatu,
naye amesimama pale pale, kiganja wazi,
hataki kuondoka.