Shifti ya Usiku

Saa tisa na nusu usiku mama anaamka,
anafunga kilemba, anapapasa uvunguni
akitafuta viatu vya raba. Kauli yake ni moja:
"Hizza, kadi yangu iko wapi? King'ora kimeshalia."

Manzese imelala. Kinacholia ni jenereta
la bucha ya jirani.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mkweli.
"Mama, kiwandani Urafiki ulishastaafu.
Baba alishafariki. Kaa kitako, hapa ni kwako."
Akaketi ukingoni mwa kitanda
kama mtu aliyekabidhiwa barua,
akaniuliza kosa lake ni lipi.
Kila usiku nilimfukuza kazi upya,
kila usiku nilimzika baba upya,
kisha nikafunga geti kwa kufuli mbili, nikaenda kulala.

Kwenye faili wameandika: anatangatanga.

Sista Eufrasia wa Mwananyamala hakuligusa faili.
"Mama yako anapenda nini?"
Nikataja dawa.
"Sijauliza anameza nini."
Miaka arobaini na sita nimekula mkononi mwake
na sikuwa na jibu.

Ikabidi niende Mburahati kwa Bi Sikudhani,
aliyesimama naye mashine ya jirani.
Alicheka kwanza, mpaka akakohoa.
Kumbe mama ndiye aliyekuwa akiitwa uzi ukikatika,
anaunga, na fundo hulioni
hata ukipitisha ukucha.
Kumbe chai yake ni ya tangawizi, sukari hapana,
nami namjazia vijiko vitatu, nikimwita mgomvi akitema.
Kumbe hapendi kuitwa bibi.
Kumbe aliwahi kumzaba kibao msimamizi
na hakufukuzwa.

Nimemkatia kadi kwenye boksi la sabuni,
nikaandika jina lote: Mwantumu Mhina Sekibojo.
Saa tisa na nusu nafungua geti mwenyewe.
Tunazunguka nyumba nane, harufu ya mikate inatufuata,
mlinzi Marwa anaigonga kadi kwa kizibo cha soda,
"Umewahi leo, Mwantumu,"
na yeye anapita kifua mbele
kama mtu anayesubiriwa mahali.

Sisemi mambo ni shwari. Juzi aliniuma mkono.
Godoro linaanikwa juani siku nne kwa wiki,
na mke wangu siku hizi anaongea na sufuria.
Kuna usiku kadi anaitupa,
anamtaka mama yake, nami sina mama wa kumpa.

Lakini alfajiri hii, chai ikipoa,
aliushika mkono wa shati langu pale ulipofumuka,
akalowesha vidole kwa mate, akaunga.
Nilitafuta fundo.

"Wewe kijana, uko shifti gani?"
"Yako."
"Basi kesho usichelewe. Mashine haimngoji mtu."