Koti Lisilovuliwa

"Ijumaa," alisema Bi Friesen, "jina la riwaya
liwe mezani kwangu. Kurasa tano.
Na neno mimi nisilione humo hata mara moja."
Ilikuwa Jumanne. Yorkton yote imeganda,
digrii thelathini chini ya sifuri,
mabasi ya shule yananguruma nje bila kuzimwa,
maana ukizima leo utawasha machipuko.

Kendra Toews alishachagua kabla ya kengele:
nyembamba, herufi kubwa, mbwa jaladani,
na mbwa, anasema, anakufa ukurasa wa themanini,
"hapo aya ya huzuni unayo tayari."
Dmytro akabeba ya vita, kwa ajili ya ramani.
Mimi nikabaki baina ya rafu
kama mtu anayebonyeza nyanya za watu na hanunui.
Mchagua jembe si mkulima, najua,
lakini hili nitalala nalo wiki tatu.

Nilijaribu ile ya mlinzi wa mnara.
Sentensi zake ndefu kama treni ya ngano kivukoni:
unahesabu mabehewa, ukifika la tisini
umesahau kichwa kilielekea wapi.
Nikajaribu ya mapenzi. Walipendana ukurasa wa nne.
Nikairudisha; sikuwa na la kuwaongezea.

Alhamisi nilikuwa zamu, uwanja wa barafu,
nauza chipsi na chokoleti ya moto
kwa wazazi wanaowafokea watoto wenye magongo.
Chini ya kaunta nilificha ya tatu,
haina jalada, mgongo umefungwa utepe wa kahawia.
Karani wa idara ya maji. Anasoma mita.
Anarudi nyumbani. Anasoma mita.
Kendra aliipekua akahukumu: "Humu hakuna kinachotokea."

Ukurasa wa arobaini na moja
karani anaketi jikoni, chai inapoa,
na mwandishi anasema, kama anayepita tu,
kwamba hakuvua koti,
kana kwamba nyumba yake ni stesheni.

Chipsi ziliungua. Meneja akaniita mara mbili.

Tangu kiwanda kimpunguze, mwezi Oktoba,
baba huingia, huvua buti, huzipanga sawasawa mlangoni,
halafu huketi, zipu imefika kidevuni.
Ndani ni joto la kuotesha nyanya.
Mama zamani alikuwa akisema, "Vua basi."
Siku hizi humzunguka akifuta meza,
kama mtu anavyozunguka nguzo.
Wageni wakija tunasema ni mafua.

"Hii?" Bi Friesen aligeuza kitabu, akatafuta jalada.
"Una hakika? Ni ngumu kuandikia.
Hakuna kinachotokea."
Nikasema, "Najua, mwalimu."
Kimya kingi kina mshindo mkuu,
lakini mshindo huo unauandikaje kwa Kiingereza,
na tanbihi, na nafasi mbili kati ya mistari?
Akaandika jina langu kwenye orodha,
Oksana H., na kando yake alama ndogo ya kuuliza.

Jumapili usiku nimeketi na kompyuta.
Nimeandika: Baba haongei juu ya kazi.
Nikafuta baba. Nikaandika mhusika mkuu.
Mhusika mkuu haongei juu ya kazi.
Nikaweka namba ya ukurasa, kama tulivyofundishwa,
ili asiyeamini akahakikishe.
Sentensi ikasimama. Sikuwamo,
na nilikuwamo hadi kwenye nukta.

Chini, kiti kikaburutwa.
Niliinua vidole juu ya herufi, nikatega sikio:
huenda ni zipu inashuka.
Lilikuwa birika.

Zimebaki kurasa nne
na mistari ishirini na moja.