Kipengele cha Saba

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Nimeiweka juu ya gunia la mbolea, hapa kitaluni Mkuzi,
na kalamu inatoboa karatasi.

Jina la mgunduzi.
Naandika Mwanjaa binti Kihiyo,
nafuta,
maana marehemu hasaini.
Naandika langu, Mwajabu,
nalo laona haya kukaa pale,
kama mgeni aliyeketishwa kiti cha mwenye nyumba.

Ilipatikanaje?
Ilipatikana hivi, waheshimiwa:
mwaka ule machungwa yalipooza kando ya barabara mpaka nyuki wakalewa,
na dalali wa Muheza akanunua gunia lililojaa kwa bei ya gunia tupu,
mama alipanda juu ya mchungwa wa tatu kutoka chooni
kukata tawi kavu.
Akaliona jingine, bichi, limechelewa.
Wenzake wamezaa, wameiva, wameaibika sokoni,
lenyewe ndiyo kwanza linatoa maua.
Mwingine angelikata kuni.
Mama alilifunga kitambaa chekundu,
akashuka, akapika, hakusema neno.

Miaka tisa.
Alibandua jicho kwa wembe wa kunyolea,
akalibebesha kwenye mche wa mlimau,
akalikaza kwa nailoni ya mfuko wa sukari,
akahesabu siku kama mzazi anavyohesabu arobaini,
kisha akafungua: kijani, au kahawia.
Kahawia zilikuwa nyingi.
Daftari hakuwa nalo. Alikuwa na kamba ya katani,
fundo kubwa kwa jicho lililoshika, dogo kwa lililokufa,
na kamba hiyo ndiyo niliyompelekea afisa, Bwana Shekigenda.
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
Akauliza kama ina tafsiri.

Ni tofauti na nyingine? Ganda jembamba, kitovu kimebonyea,
laiva Machi, wakati meza za sokoni zimebaki na vumbi.
Yafanana yenyewe kwa yenyewe? Kama pacha.
Haibadiliki? Miti arobaini, vizazi vitatu, hakuna ulioasi.
Jina la aina? Kawia.
Afisa alitaka jina la kibiashara.
Nikamwambia, ndilo hilo. Waliowahi wote walipata hasara.

Kipengele cha saba:
Je, aina hii imewahi kuuzwa au kutolewa
kwa mtu mwingine, kwa ridhaa ya mgunduzi,
kabla ya tarehe ya maombi haya?

Hapa kalamu imekaa tangu adhuhuri.

Mama alitoa.
Alitoa vikonyo matangani, pale wengine walipotoa rambirambi.
Alimpa Semkiwa sita, ng'ombe wake alipokufa.
Bi harusi wa Potwe alifungiwa kitita katika jani la mgomba,
akaambiwa kisikauke, hata kama mume atakasirika.
Na yule kijana wa Kwafungo aliyekuja kuiba usiku,
mama alitoka na taa, akammulikia,
akamwonyesha pa kukata asilijeruhi tawi.

Nami si malaika. Paa la kitalu linavuja.
Nimeupigia hesabu mrabaha huo kwa kijiti, mchangani,
nikafuta kwa mguu, nikapiga tena.
Neno "hapana" lina herufi sita tu.

Juzi alikuja bwana mmoja wa kampuni ya miche,
hakuzima injini.
Alikata chungwa langu, akalinusa, hakulila.
Katika mkoba wake niliiona fomu kama hii, safi,
imepigwa chapa, jina jingine la tunda,
na kipengele cha saba kimeshajibiwa.

Basi nimeuliza kwa Bwana Shekigenda:
nikisema kweli, nani ataumiliki mti huu?
Akavua miwani, akaifuta kwa shati.
"Wewe, hapana," akasema.
Kisha, polepole: "Na yeye, hapana."

Naandika: Ndiyo.
Fomu yadai majina, na imeacha mstari mmoja.
Semkiwa, vikonyo sita, mwaka wa kufa ng'ombe.
Mstari umejaa.
Nageuza karatasi.