Kilo Ishirini na Tatu

Orest amelipima sanduku kwa mizani ya ndama,
ile ya ghalani, yenye ndoana na kutu.
Kilo ishirini na tatu na kitu.
Kitu hicho ndicho kilichotugombanisha asubuhi nzima:
yeye ataka nipunguze viatu,
mimi nataka aache bisibisi.
Nani aendaye Ureno na bisibisi?
Nikaitoa. Akairudisha.
Nikajifanya sikuona.

Miaka thelathini na moja hatujaenda popote,
maana ng'ombe hazai kwa kalenda ya mwenye ng'ombe.
Februari kwetu ni mwezi wa kuamka saa nane za usiku,
mkono umezama hadi kiwikoni,
mvuke unapanda,
ndama anatoka amekunja uso, mgeni asiyetaka kufika.
Mwaka huu zizi ni tupu.
Tuliwauza Novemba, wote,
hata yule mwekundu aliyekuwa na jina.
Basi fedha ipo, muda upo,
na mikono hatujui tuiweke wapi.

Bomba la jikoni nimeliacha lidondoke tone kwa tone:
maji yanayotembea hayagandi.
Paka nimemkabidhi kwa Halyna wa ng'ambo ya barabara,
ng'ambo, yaani kilomita tatu.
Nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Mlango wa gari ulilia ulipofungwa.

Njia ni moja, imenyooka kama uzi wa fundi,
kulia nyeupe, kushoto nyeupe,
maghala ya ngano yamesimama moja moja mbali huko
mfano wa watu waliosahau walichofuata.
Orest hasemi.
Anatazama mashamba ya wengine na kutaja bei.

Kituo cha mafuta, kahawa mbili, andazi moja la kugawana.
Binti wa kaunta akauliza, "Mwaelekea wapi na baridi hii?"
Orest akajibu, "Regina."
Nikangoja aongeze neno.
Hakuongeza.
Akahesabu chenji yake sarafu kwa sarafu,
kana kwamba Ureno ni jambo la aibu
lisilosemwa mbele ya watu.

Hoteli iko ng'ambo ya uzio wa uwanja wa ndege.
Chumba namba mia na kumi na nne:
zulia lanuka klorini,
dirisha laangalia taa za buluu zilizopangwa thelujini.
Gari tumelichomeka kwa waya ukutani
linyonye umeme usiku kucha, injini isigande.
Tiketi yasema Ijumaa, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri.
Leo ni Alhamisi.
Siku hii haina picha katika kijitabu cha wakala,
kule kwenye machungwa na vigae na bahari.
Siyo nyumbani, siyo likizo.
Tumeketi ukingoni mwa vitanda viwili,
makoti hatujayavua.

Ndipo nikafanya wafanyavyo wa kwetu baridi inapokaza:
nikapiga simu nyumbani kwangu mwenyewe.
Ikiita, umeme upo;
umeme ukiwapo, tanuri lawaka.
Ikaita.
Nikaufuata mlio ule ukivuka jikoni,
ukipanda ngazi, ukipapasa kitanda nilichotandika.
Mara ya nne mashine ikadaka.

Danylo, umri miaka sita,
alirekodi akiwa amesimama juu ya kiti.
Leo ana ndevu, yuko kaskazini kwenye visima vya mafuta,
na hapendi tumkumbushe.
"Hatupo nyumbani. Sema ukisikia mlio."
Miaka yote hiyo mtoto amewadanganya watu;
tulikuwapo, tulikuwa zizini,
hatua hamsini kutoka kwenye simu.
Usiku huu amesema kweli.

Nikampa Orest asikilize.
Mlio ukalia.
Akavua kofia, akakohoa,
akasema kwa sauti ya mtu aliyeitwa mbele ya kanisa:
"Ni sisi. Tumefika Regina salama."
Nikanyoosha mkono nichukue simu. Hakuitoa.
Akageukia dirisha, kwenye zile taa,
na polepole, kama mtu anayejaribu kiatu,
akasema, "Kesho, Ureno."