Swali la Kumi na Saba

Saa tano usiku, Huruma, ghorofa ya tano.
Tokeni imebaki uniti moja na vipande.
Mutheu ameshika simu, kidole juu ya kitufe:
dakika moja na nusu kwa kila swali.
Tayari?
Si tayari. Anza.

Kitabu nilikinunua kando ya barabara,
kimefungwa upya kwa uzi wa kushonea magunia.
Aliyekuwa nacho kabla yangu alitumia penseli
hadi ukurasa wa arobaini, akachoka.
Kuanzia hapo kurasa ni safi kama shuka za wadi
anayofanyia Mutheu zamu.

Juu kabisa, kwa herufi nzito:
Jibu kwa yaliyoandikwa tu.
Usilete ujuzi kutoka nje.

Naweza. Nimefanya mazoezi.
Kila auzaye mandazi jengoni huamka kabla ya adhana.
Mzee Barasa wa chumba cha nane huamka kabla ya adhana.
Je, nikamgongee na sahani?
Mzee Barasa huamshwa na kifua chake.

Ndivyo ninavyojifunza siku hizi, kwa majirani.
Kwamba "baadhi" yaweza kuwa mmoja.
Kwamba "huenda" si ndugu wa "lazima",
wamefanana tu sura.
Kwamba "isipokuwa" ni shimo lililofunikwa majani,
na nimeshatumbukia mara sita tangu Jumatatu.

La kumi na tano, nimepata.
La kumi na sita, nimekosa, Mutheu amefyonza.
La kumi na saba:

Kila mwenye risiti amelipa.
Mpangaji huyu hana risiti.
Kwa hiyo mpangaji huyu hakulipa.
Hoja hii ina kasoro gani?

Kalamu imesimama.

Ujuzi wa nje umeingia bila kubisha,
umekaa kitandani kati yetu, umevaa leso ya mama.
Pesa zilikuwa kwenye pindo la leso ile,
noti zimekunjwa ndogo kama vidonge.
Wakala alizihesabu mara mbili, nikimwona,
akasema, kitabu cha risiti kimeisha, Mama Nekesa,
pitia Jumatano.
Jumatano hakuwepo. Jumatano iliyofuata, vilevile.

Nilikuwa na miaka tisa, kwenye benchi la nyuma,
sweta la shule likiniwasha shingoni.
Wakili wa mwenye nyumba alikuwa na sauti nzuri.
Alisema sentensi hizo tatu, kwa mpangilio huo huo,
na watu wazima wote chumbani
wakatikisa vichwa, hata mama, kidogo,
kama mtu anayekubali kwamba mvua inanyesha.

Jioni hiyo jiko letu lilikuwa nje,
bado lina majivu ya asubuhi.

"Sekunde ishirini," asema Mutheu.

A, anamshambulia mtu badala ya hoja. Hapana.
B, anatumia neno moja kwa maana mbili. Hapana.
C, anachukulia kwamba kwa kuwa alama ya jambo
inathibitisha jambo,
kukosekana kwa alama kunalikanusha.

Nasoma C tena.
Angesema kila aliyelipa ana risiti,
hoja ingesimama wima, na uongo ungekuwa wazi,
mtu angeweza kuunyooshea kidole.
Aligeuza sentensi, kama mtu anavyogeuza godoro
kuficha upande uliochafuka.
Na kumbe jambo hilo lina jina,
linapigwa chapa, linauzwa kando ya barabara,
shilingi mia tatu na hamsini.

Nazungushia C. Karatasi inatoboka.

"Sahihi. Umechelewa sekunde nane."
Nane, nasema, na miaka kumi na minne.
"Nini?"
Hakuna. Endelea.

Taa inazima. Ngazini mtu anailaani tokeni kwa jina kamili.
Mutheu anawasha tochi ya simu,
saa yake inaendelea kuhesabu juu ya mwanga.

La kumi na nane linahusu nyuki.
Sijui lolote kuhusu nyuki, namwambia.
"Afadhali," asema, akipiga mwayo.
"Soma."