Basi la Ijumaa

Doreen kaandika kwa herufi kubwa, kama asemaye na kiziwi:
gari la abiria lafika kijijini Jumanne na Ijumaa, basi.
Ukilikosa la Ijumaa, wifi yangu,
kaa papo hapo ulipo mpaka Jumanne.

Nimeichora safari nyuma ya kalenda ya duka la dawa,
hapa Kibokoni, feni ikinipeperushia karatasi:
ndege mbili, treni mbili, na hilo basi moja lenye kiburi.
Swafiya ananisahihisha kwa kalamu nyekundu.
"Shangazi, London si mwisho. London ndipo utakapoanza kupotea."

Kijiji chaitwa Threxby.
Konsonanti zimebanana kama wageni wa harusi
na hakuna aliyepewa kiti.
Mimi nimewatilia viti: Ti-re-ki-si-bi.
Sasa wamekaa. Sasa naweza kulitamka
mbele ya bwana wa viza, asiyeinua macho,
aliyeniuliza, waenda kuona nini?
Nyumba kumi na tisa, nikamwambia. Kanisa.
Mto usioshinda ukumbi wangu kwa upana.
Na kaburi.
Akaandika: utalii.

Kaka yangu Mselem alikuwa mpishi wa meli.
Aliumwa jino bandari moja ya baridi, meli ikamwacha.
Doreen ndiye aliyemshika kichwa jino likikongolewa.
Akabaki na pengo lile na mke yule miaka thelathini na minne,
akituandikia habari za mvua.
Jana mvua. Leo afadhali, manyunyu.
Mama akisema, huyu sikuzaa mtoto, nilizaa redio.

Jirani yangu Barke hataki kuelewa.
Kijiji gani hakina kuku njiani,
na kila nyumba ina magari mawili?
Na ukifika mlangoni, wabisha hodi vipi?
Nikamuuliza Doreen. Akajibu:
usibishe hodi, piga simu kwanza.

Kongowea, kwenye marobota, nimepata koti zito
rangi ya zaituni, shilingi mia nane baada ya kugombana.
Mfukoni mna tikiti ya basi ya huko huko kwao,
imefuliwa na koti, imebaki bei na herufi tatu.
Nikacheka peke yangu sokoni.
Limekuja huku bila viza,
na mimi ndiye nilipaye nauli kulirudisha.

Wanaume wa ukoo walinung'unika: kazikwa uani mwa kanisa.
Miaka saba wamenung'unika, nami sikumuuliza Doreen,
nilimwita tu "yule mwanamke."
Mwezi jana nikauliza.
Jibu lilikuwa la mstari mmoja:
PADRI ALILETA DIRA, TUKATAFUTA KUSINI-MASHARIKI.
Wenziwe wote wamelala safu moja, wamenyooka.
Kaburi lake pekee limekaa mshazari,
kama mtu aliyejigeuza kitandani apate kusikiliza kitu.

Usiku ule niliswali isha, nikabaki msalani nikihesabu.
Sisi Mombasa twaelekea kaskazini.
Yeye kule, kusini-mashariki.
Kumbe miaka yote hii tumetazamana,
Makka ikiwa kati yetu
kama sinia moja la ndugu wawili.

Basi. Halua nusu kilo. Yasini ndogo ya mfukoni.
Soksi za sufi. Asumini hapana,
Swafiya asema watazitupa uwanja wa ndege.
Kaburini nitakaa nusu saa, saa moja nikilia sana.
Halafu ni Ijumaa mpaka Jumanne,
mimi na mwanamke ambaye sijawahi kumwita kwa jina.
Nitampikia. Sina jingine nilijualo.
Nikamwandikia: una mbuzi ya kukunia nazi,
au nibebe yangu? Ina kilo mbili.

Jibu limefika leo, na mara hii kwa herufi ndogo:
ninayo. ya Mselem.
haijakaliwa miaka saba.