Usiguse

Jumapili ya mwisho ya Mei, uwanja wa kriketi, Coventry.
Mvua imetuachia saa mbili, si zaidi,
na magari ya kale yamepangwa majanini
kama wazee waliopakwa mafuta kwa harusi ya mjukuu.
Nina kamera iliyopita mikono mitatu kabla ya wangu
na roli moja ya filamu. Fremu thelathini na sita, basi.
Wenye simu wamepiga mia nne kabla ya chai
na ukiwauliza rangi ya gari la kwanza, wanafungua simu.

Kwa Kiswahili tunapiga picha.
Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga honi.
Miaka mingi nilidhani picha nayo ni kipigo:
unamvizia mtu, kacha, umeondoka na sura yake.
Siku hizi nadhani tulisahau pigo moja la kutangulia.
Tunapiga hodi pia.

Bwana Clive Pargeter hangoji hodi.
"Njoo," ananiita, "mpige huyu!"
Huyu ni Triumph Herald ya mwaka sitini na saba,
rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai.
Anataka ubavu wa kulia,
maana wa kushoto una kutu chini ya mlango,
upana wa kidole gumba.
Nikazunguka, nikapiga magoti, nikapiga kutu.
Kromu ilikuwa imejaa mimi na mawingu;
habari za gari lenyewe zilikuwa kwenye kutu.
Akanuna kidogo. Ni haki yake, gari ni lake.
Juu ya boneti pana kibao: TAFADHALI USIGUSE.

Nje ya kamba amesimama mzee mwenye kilemba cha buluu,
koti la mvua limefungwa vifungo vyote.
Anaitwa Harbhajan. Hakuniambia hilo kwanza.
Kwanza aliniambia: "Milango."
Kisha: "Ya kushoto. Miaka kumi na minne."
Alikuwa akienda kiwandani kwa baiskeli,
na gari kama hili hakuwahi kulipanda
ila hatua zile chache, kulitoa kwenye mstari.

Ghala ninalofungia vifurushi usiku,
wanasema, limekaa juu ya kiwanda kimojawapo cha wale.
Sijui. Sakafu ni saruji mpya, haisemi.
Ninachojua ni kwamba nchi hii huenzi mashine ikistaafu:
huifutia vumbi, huifunika turubai, huiwekea bima.
Mtu akistaafu hupewa saa ya ukutani
na namba ya foleni hospitalini.
Kwetu je? Kwetu hata saa hatupewi,
kwa hiyo nisijitie ujuba.

"Naweza kuufunga?" Harbhajan akauliza.
Pargeter akatazama kibao, akatazama mikono ya mzee,
akanyanyua kamba.
Mlango ukafunguliwa mpaka mwisho wake.
Mzee akausindikiza kwa vidole viwili,
halafu kiganja, pale mwishoni tu,
kama mtu anayefunga chumba chenye mtoto aliyelala.
Tukasikiliza, sote watatu.
"Bawaba hii si yetu," akasema. "Imebadilishwa."
Pargeter akawa mwekundu hadi masikioni:
"Shemeji yangu. Mwaka themanini na nane."
Wakacheka, na kicheko chao kikaenda kwa shemeji,
ambaye, nilikuja kuelewa, alishafariki.

Nilibakiwa na fremu moja.
"Naomba," nikasema, na hiyo ndiyo hodi yangu.
Harbhajan akavua miwani, akaivaa tena,
akaweka mkono mlangoni. Matone yakaanza.

Filamu iliposafishwa nikaona nimekosea.
Mkono umefifia, kilemba ni moshi wa buluu;
kilichoshika ni kibao peke yake, kila herufi wazi.
Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zangu zote
na sina hoja ya kuitetea.

Nilimpelekea nakala, nikapiga hodi kwa mkono kabisa.
Aliitazama mpaka birika likachemka,
kisha akaniuliza
kwa nini sikupiga bawaba.